Gia Nne za Mzee Sule

Pikapu ya Keji ilikuwa na dereva mmoja aliyegawanywa kwa watu wawili. Macho, miguu na usukani vilikuwa vya Keji mwenyewe. Gia zilikuwa za baba yake, Mzee Sule Lokule, na Mzee Sule alikuwa kipofu. Mgeni aliyepanda Koboko kwenda Arua, akaona mzee aliyefumba macho ameshika fimbo ya gia huku binti akikata kona, alianza kusoma dua zote anazozijua. Wenyeji waliendelea kula karanga zao.

Jambo lenyewe lilianzia uhamishoni. Mwaka wa 1979 serikali ilipoanguka na jeshi la zamani likatawanyika, Sule, aliyekuwa dereva wa malori ya jeshi, alivuka mpaka kuingia Zaire pamoja na nusu ya Koboko. Huko alipata lori la kahawa la kuendesha, na kwa kuwa watoto wake wa kiume hawakuwa na subira hata ya kufunga kamba za viatu, alimfundisha kazi binti yake. Sasa, upande ule wa mpaka usukani uko kushoto, kwa hiyo gia huingizwa kwa mkono wa kulia. Keji alijifunza hivyo, akakomaa hivyo, na mkono wake wa kulia ukawa na akili kuliko watu wengine wazima.

Waliporudi nyumbani miaka ya themanini ikielekea mwisho, macho ya Sule yalikuwa yamekwisha. Wale nzi wadogo weusi wa mtoni, wanaoleta upofu, walikuwa wamemuuma miaka mingi. Kwanza ngozi iliwasha, kisha dunia ikaingia ukungu, kisha ikawa basi. Keji alinunua pikapu ya Uganda, usukani kulia, gia kwa mkono wa kushoto, na mkono huo ulikuwa haujafanya kazi ya maana tangu azaliwe. Akitafuta gia ya pili alipata ya nne. Akitafuta ya tatu, meno yalisagana mpaka kuku wakaacha barabara. Watu wa sokoni walimjua anakuja kabla hawajaliona gari.

Wakati huo Sule alikuwa mtu wa kukaa. Alikaa ukutani asubuhi, akahamishiwa ukuta wa pili jua lilipogeuka, na hakusema kitu ila kuuliza kama adhana imelia. Mtu aliyewahi kuvusha malori kwenye mito iliyojaa sasa alishikwa mkono kupelekwa chooni. Keji alikuwa akimwangalia, asijue la kufanya, kwa sababu huzuni ya namna hiyo haina dawa ya dukani.

Siku moja alimpeleka Arua kwa daktari. Sule alivumilia kelele za gia kwa muda, meno yake mwenyewe yakiumana, mpaka mwisho uvumilivu ukamwishia. Akanyoosha mkono wa kulia, akaipapasa fimbo ya gia, akaishika.

"Wewe finya klachi," akasema. "Gia wacha kwa mimi."

Na gari likanyamaza. Lilipanda na kushuka mpaka Arua bila kulia hata mara moja, maana Sule alisikiliza injini kama mama anavyosikiliza mtoto aliyelala chumba cha pili. Tangu siku hiyo hakukosa safari. Alivaa kofia yake nyeupe asubuhi na mapema, akaketi kiti cha kushoto kabla hata abiria hawajaja, na aliyemuuliza alijibiwa kwamba mkono wa kushoto una kazi yake na kila Mwislamu anaijua, na kazi hiyo si gia. Kwamba yeye mwenyewe jeshini alikuwa akibadilisha gia kwa mkono huohuo wa kushoto, hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Lakini mkono hujifunza hata usipotumwa. Taratibu, mwaka baada ya mwaka, mkono wa kushoto wa Keji ukafunguka akili. Ukaweza. Ukaweza vizuri kabisa. Keji aligundua hilo kwa mshtuko, kama mtu aliyekuta amebeba kitu cha wizi, akaamua hapohapo kutomwambia baba yake. Abiria walijua. Polisi wa vizuizini walijua. Barabara nzima kutoka Koboko hadi Arua iliitunza siri ile, na watu wa West Nile, niwasifu ama niwaseme, si mabingwa wa kutunza siri. Hii waliitunza kwa sababu walimpenda mzee.

Mwaka wa 1993 injini ikafa. Ilikufa ikipanda mlima na magunia ya muhogo mkavu, ikatema moshi, ikagonga vibaya ndani ya tumbo, ikanyamaza. Fundi Candia, mwenye garaji chini ya Arua Hill, aliifungua, akaitazama, akaifunika tena kwa heshima. Haitengenezeki, akasema.

Injini nyingine ilipatikana kwa Ambroise. Huyu alikuwa Mkongomani mwenye vipuri, mnene, mcheshi, anayeuza kwa mdomo zaidi ya kwa mikono, na mali yake ilipitia mpakani Vurra ikitoka kusikojulikana vizuri. Alikuwa na injini ya dizeli yenye turbo. Turbo, kwa asiyeijua, ni konokono wa chuma anayekaa ubavuni mwa injini: moshi unaotoka unamzungusha, naye anasukuma hewa ya ziada ndani, na injini inapata nguvu ambayo haikuzaliwa nayo. Kwa magunia ya Keji ilikuwa baraka. Ubaya mmoja tu: injini ile ilikuja imeunganishwa na giaboksi yake, na giaboksi yenyewe ilikuwa otomatiki.

"Mama, hii iko muzuri sana," Ambroise akasema. "Mutu anakaa tu. Gari inajibadilishia gia yenyewe."

Waliosimama pale garajini walifurahi kwa niaba ya Keji. Mguu wa kushoto utapumzika, wakasema, na mzee naye atapumzika, amefanya kazi ya kutosha. Sule alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, akasikia neno hilo. Alitoa mkono wake wa kulia kwenye goti, akauingiza mfukoni mwa kanzu, na Keji akauona ukiingia.

Keji aliona ukuta wa asubuhi na ukuta wa jioni. Alijua kwamba akiweka giaboksi ile, baba yake atarudi kukaa pale, na safari hii hatanyanyuka tena.

Akasema anataka gia za mkono. Ambroise akashangaa; watu wakashangaa. Keji akatafuta sababu za haraka, akazipata, na bahati nzuri zilikuwa za kweli: otomatiki ikipanda milima na mzigo inachemka, na betri ikifa Koboko huwezi kulisukuma gari likawaka, utasukuma mpaka Sudan. Candia akakubali kwa kichwa. Ambroise akacheka, akamkumbusha kwamba mchagua jembe si mkulima.

"Basi mimi si mukulima," Keji akamjibu kwa lafudhi ya Ambroise mwenyewe. "Mimi iko dereva."

Baadaye alimvuta Candia nyuma ya ukuta wa mabati, akamwambia ukweli. Alisema kwa sauti ya chini, maana masikio ya Sule yalikuwa yanafika mbali.

"Fundi, mi nataka ile gia iko katikati yetu. Ile mukono ya Mzee inafika."

Candia hakuuliza zaidi. Alikuwa mtu mwenye mama yake mzee nyumbani.

Kuchagua kulichukua siku kadhaa, na hapo ndipo Sule alipofufuka, kwa sababu mabishano ni chakula cha askari. Candia alianza na giaboksi ya zamani ya pikapu, akaikataa mwenyewe: ilikuwa na gia nne na meno membamba, na injini yenye turbo ingeyatafuna kama mahindi mabichi. Ambroise akaleta nyingine ya gari la abiria, nzuri, ngumu, ya gia tano, ila fimbo yake ilitoka kwenye shingo ya usukani. Wakamketisha Sule ajaribu. Ili aifikie ilimbidi alale juu ya magoti ya binti yake, na kofia ikaanguka. Garaji yote ikacheka, naye akacheka, akasema gia hiyo ni ya watu waliooana.

Kisha akaja na ushauri wake. Alitaka giaboksi ya lori la jeshi. Alijua moja ilipolala, nyuma ya kambi ya zamani, na kwa maneno yake ile ilikuwa chuma cha kweli, si bati la siku hizi. Candia alimweleza kwa adabu kwamba ile ni ya kuvuta mzinga, kwamba ni nzito kuliko injini yenyewe, na kwamba gia ya kwanza ya lori ni ya kutambaa tu. Sule hakukubali. Candia akachuchumaa mbele yake, akaeleza upya.

"Mzee, turbo inalala, inaamka. Ukitoka gia ya pili kwenda ya tatu, na nafasi katikati iko kubwa, inalala tena. Unangoja. Gia zikiwa tano, ziko karibu karibu, haipati nafasi ya kulala."

Mwisho Sule akasema hata yeye alikuwa na makuruta wa namna hiyo, na dawa yao ilikuwa ileile. Mambo yakaisha.

Giaboksi waliyoitaka waliipata Omugo, kwa mnunuzi wa tumbaku ambaye pikapu yake ilipinduka ikabaki nyuma ya ghala, nyasi zikiota ndani ya bodi. Ilikuwa ya gia tano, ya ukoo mmoja na injini ya Ambroise, na fimbo yake ilisimama sakafuni, juu ya giaboksi yenyewe. Walikwenda wote watatu. Candia alifungua kizibo, akachovya kidole kwenye oili, akakipeleka juani kutafuta chembe za chuma, hazikuwapo. Akaingiza sahani ya klachi iliyotafutiwa injini mpya kwenye shafti, meno yakakubaliana. Keji akaingiza gia moja moja, ya kwanza mpaka ya tano, na Sule akazungusha shafti kwa vidole vyake, sikio limelala juu ya chuma.

Beringi ya nyuma inanung'unika, akasema. Candia akasikiliza, akasema kweli, beringi itabadilishwa, lakini meno ni mazima. Keji ndiye aliyekuwa na gari, kwa hiyo wote wawili wakamgeukia. Aliiangalia ile fimbo iliyosimama katikati, akasema ni hii.

Kazi ya kuifunga ilikuwa na vituko vyake. Giaboksi ilikuwa ndefu kuliko ya zamani, ikabidi shafti ya nyuma ikatwe na kuchomelewa. Fimbo nayo ikatokea nyuma mno, karibu na nyonga ya Keji, ambako mkono wa Sule ungeifikia kwa shida. Hapo Candia akafanya jambo ambalo Keji hakulisahau maisha yake yote. Alimketisha mzee kwenye kiti chake, akamwambia aupumzishe mkono mahali unapopenda, asifikirie kitu. Mkono ukaenda, ukakaa hewani. Candia akapima pale kwa kamba. Kisha akaing'oa fimbo, akaichoma kwenye moto wa gesi mpaka ikawa nyekundu, akaikunja polepole, akairudisha. Ikaja kusimama ndani ya kiganja cha Sule, kama kanzu iliyoshonwa kwa vipimo vya mtu mmoja.

Sule aliishika. Alipita nayo gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Candia akauchukua mkono wake aupeleke kwenye ya tano, mbali kule upande wa dereva, mbele. Sule akaifikia, akatikisa kichwa, akaurudisha mkono wake katikati. Nne zinamtosha, akasema.

Siku ya kwanza barabarani ilikuwa aibu tupu. Turbo ilikuwa na mluzi. Injini ikianza kuvuta tu, konokono yule alipiga mluzi mwembamba, na Sule, aliyezoea kwamba sauti ya juu maana yake injini imechoka, alibadilisha gia mapema. Gari likasinzia. Akarudisha, mluzi ukaja, akabadilisha, likasinzia tena. Mama Paska, muuza mbogamboga aliyekaa nyuma juu ya mizigo, aligonga bati akauliza kama siku hizi gari linaswali, maana linainama na kuinuka. Watu wakacheka, na si kwa ubaya, lakini Sule hakucheka. Masikio ndiyo yaliyobaki kuwa macho yake, na sasa nayo yalikuwa yanamdanganya mbele ya watu.

Waliporudi jioni ile alisema kesho Keji aende peke yake. Keji hakulala vizuri kwa wasiwasi. Kazi yote ile, Omugo, moto wa gesi, na mluzi mmoja tu unakuja kumrudisha baba yake ukutani.

Asubuhi alikwenda kumbembeleza, akakuta kiti cha ukutani kitupu. Sule alikuwa ndani ya gari.

Alikuwa amewaza, akasema. Masikio wacha yapumzike. Jana, gari lilipokuwa karibu na nyumbani, alikuwa amenuna, hasikilizi chochote, ila mkono ulibaki kwenye gia kwa mazoea. Na kiganjani akasikia kitu. Fimbo ile ilikuwa inatetemeka. Injini ikilala ilitetemeka kwa mapana, ikiamka ilitetemeka kwa wembamba, na ikichoka ilianza kuwasha kiganja. Akamwomba Keji awashe, wajaribu.

Walizunguka uwanja wa soko kabla ya watu kuja. Mluzi ulipiga, Sule hakuujali. Alingoja mpaka kiganja kikamwambia, akaguna, Keji akafinya klachi, gia ikaingia, na pikapu ikaruka mbele kwa nguvu iliyomtupa mzee nyuma kwenye kiti. Akacheka peke yake, kicheko kikavu cha zamani ambacho Keji alikuwa hajakisikia tangu kule ng'ambo. Wakazunguka tena. Wakazunguka mara nyingi kuliko ilivyohitajika, wakipoteza dizeli bure, na Keji alikuwa akicheka huku machozi yanamtoka na vumbi linayakausha.

Baada ya hapo hakuna aliyewapita njiani. Milima iliyokuwa ikipandwa kwa magoti ikapandwa kwa kuimba. Mama Paska alisema sasa nyanya zake zinafika Arua kabla hazijajua zimechumwa. Ambroise alianza kumwambia kila mteja kwamba ni yeye aliyewashauri kuchukua gia za mkono. Kitu kimoja tu kilibaki: gia ya tano ilikaa bure. Palipokuwa tambarare injini ilinguruma kwenye ya nne, inaomba iachiwe, na Sule hakuigusa ile nyingine. Keji alidhani mzee anaogopa mwendo. Mtu wa gia nne, akajisemea, usimlazimishe.

Halafu ikafika Jumamosi moja, siku ya soko, nyuma kumejaa watu na mbuzi na mtu mwenye baiskeli. Mvua ilikuwa imepiga marumu, ule udongo mwekundu wa barabara, ukashikamana, barabara imenyooka mbele, tupu kabisa. Gari lilikuwa kwenye ya nne, mluzi juu.

"Finya klachi," Sule akasema.

Keji akafinya. Fimbo ikatoka kwenye ya nne, ikasimama katikati. Kisha Sule akaiachia, akaweka mkono wake gotini. Gari likateleza bila gia.

"Baba, gia," Keji akasema.

"Hii ya tano iko upande yako. Hii yako."

Keji akaanza kusema kwamba mkono wake wa kushoto hauwezi, kwamba yeye mwenyewe anajua. Sule alimwacha aseme mpaka akachoka.

"Keji. Kila siku mi nashuka kuswali, wewe unageuza gari. Miaka mingi hii. Mi nasikia, hakuna gia inalia."

Masikio ya Keji yaliwaka moto kama ya mtoto. Miaka yote ile alidhani anambeba mzee, kumbe mzee naye alikuwa amejiacha abebwe, kwa sababu alipenda safari, na alipenda kuketi karibu na binti yake.

"Weka basi," Sule akasema. "Gari inasimama."

Keji akashusha mkono wa kushoto, akashika fimbo iliyokunjwa kwa ajili ya kiganja cha mtu mwingine, akaivuta upande wake na kuisukuma mbele. Ikaingia bila sauti. Injini ikashusha pumzi, mluzi ukatulia, na pikapu ikakimbia laini juu ya marumu, upepo ukipiga shuka za abiria. Nyuma Mama Paska akapiga vigelegele, na aliyekuwa na mbuzi akamshika mbuzi wake vizuri. Sule alikuwa ameelekeza uso mbele, macho yamefumba, anatabasamu.

Walikwenda hivyo mpaka tambarare ikaisha.

"Mlima iko mbele," Keji akasema.

"Leta," Sule akasema, akanyoosha mkono.

Keji akamwachia fimbo, akafinya klachi, na mzee akaichukua ya nne.